Bi Lishe na Hotpoti za Watu

Siku hizi mtu akikonda mbele ya macho yangu na jamaa zake wakasema "uzee huo", damu hunichemka. Zamani nilikuwa nikiitikia kama wengine. Natikisa kichwa, namwombea dua, nakwenda zangu. Aliyeniharibia starehe hiyo ni mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, aliyekuwa bibi lishe wa hospitali niliyofanyia kazi hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila mgonjwa anakula nini na chakula hicho kinamfanyia nini. Sote tulimwita Bi Lishe, na wapo waliofanya naye kazi mpaka akastaafu bila ya kulijua jina lake jingine.

Mimi nilikuwa mpishi. Nalisema hili mapema ili mjue kuwa hasira zake za mwanzo zilinipata mimi. Jiko letu lilikuwa na masufuria mawili makubwa, moja la wali na moja la mchuzi, na hayo yalilisha kila mtu: aliyejifungua jana, mwenye figo, mwenye kisukari, mtoto aliyetoka kuharisha, mzee asiye na jino hata moja. Siku yake ya kwanza aliingia jikoni, akauonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akaniuliza chumvi hii nimemtilia nani.

"Wagonjwa," nikamwambia.

"Wagonjwa gani?"

"Wagonjwa wote."

"Hapana mgonjwa anayeitwa Wote," akasema, akatoka.

Kesho yake alirudi na chaki akachora ukutani masufuria matano, na chini ya kila moja akaandika ni la nani. Nilimchukia mwaka mzima. Nilikwenda kwa mkubwa wa jiko nikamwambia mwanamke huyu ametumwa kuja kutuua kwa kazi, na mkubwa wa jiko akakubaliana nami. Tukawa tunapika masufuria mawili na kumdanganya kuwa ni matano. Akagundua. Hakwenda kushtaki. Alinishika mkono, na mwiko wangu ningali nao, akaniburura mpaka wodi ya wanaume, akamfunua shuka mzee mmoja wa figo. Miguu ya yule mzee ilikuwa imevimba hata vidole havionekani vizuri. Bi Lishe akabonyeza kwa kidole gumba na shimo likabaki pale pale.

"Daktari anampa dawa ya kutoa maji," akasema. "Wewe unamtia chumvi ya kuyazuia. Sasa semeni nyinyi wawili, nani ashinde?"

Yule mzee akacheka, maskini, akanambia mchuzi wangu mtamu. Tangu siku hiyo nikapika masufuria matano, na mkubwa wa jiko akaona afadhali anyamaze.

Lakini jiko letu lilikuwa nusu tu ya vita vyake. Kwetu mgonjwa hali chakula cha hospitali akiwa ana watu. Ikifika saa saba wodi inanuka biriani, kila kitanda kina hotpoti yake, na kuleta hotpoti iliyojaa ndiko kuonesha kwamba mgonjwa ana wenyewe. Chakula cha mtu ni sitara yake, hapana anayekifunua ila mwenyewe. Bi Lishe alisimama mlangoni, amekunja mikono, na kila aliyepita alimwambia maneno mawili tu, "Hebu funua."

Wanawake waliona wametukanwa. Mmoja alimwambia kwani yeye ni polisi wa vyungu. Yeye akafunua mwenyewe, akachungulia. Ndani mlikuwa na pilau, chapati mbili, mbatata za kukaanga na ndizi mbivu, na mgonjwa alikuwa amelazwa kwa kisukari.

"Samaki umemwacha nyumbani anafanya nini?" akauliza. "Na mboga? Umeweka wanga aina nne kwenye sahani moja, umetaka nini, wapigane?"

Ukimjibu kuwa mgonjwa amekula vizuri na ameshiba, alikuwa na neno lake: "Ameshiba, sikatai. Amekula nini?" Nilimsikia akilisema kwa mabibi, kwa madaktari, na mara moja kwa kiongozi mmoja aliyekuja kutembelea wodi na wapiga picha wake. Kiongozi alicheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Kilichomkasirisha maisha yake yote ni kwamba katika kisiwa hiki mtu hudhoofika huku sufuria imejaa, na njaa yake hupewa jina jingine. Mtoto akinyong'onyea amepigwa jicho. Mzazi aliyejifungua juzi akizimia ni upepo wa shetani. Msichana akiwa mweupe wa midomo ni mvivu, hataki kuosha vyombo. Mzee akibaki mifupa ni umri. Alikuwa akiyahesabu majina hayo kwa vidole na uso unamvimba kwa ghadhabu.

Nilijifunza kwake kwamba mwili haudai kitu kimoja tangu kuzaliwa mpaka kufa. Wengi hatujui, au tunajua na tunapuuza. Mtoto mchanga alimtetea kama wakili. Maziwa ya mama tu, miezi sita, hata maji hapana, na bibi akija na kijiko cha maji ya sukari alikikamata kikiwa hewani. "Maziwa yana maji yake, bibi. Unamwongezea nini, bahari?" Miezi sita ikitimia akageuka, akawa mkali upande wa pili: sasa mpe chakula, tena chakula, si uji mweupe. Aliuinua uji ule kwa kijiko ukawa unatiririka, akasema huu ni wa kubandikia matangazo. Alitaka utiwe dagaa waliosagwa, karanga, tui, yai. Mabinti aliwauliza habari za damu zao mbele ya mama zao bila haya, halafu akawageukia mama: huyu anapoteza damu kila mwezi, na wewe unampa mkate wa boflo na chai ya rangi asubuhi na jioni, maini yako anakula nani? Jibu alilijua. Anakula baba.

Hilo la nani anakula lilimtia wazimu. Mara moja tulialikwa Fumba kwenye nyumba ya mfanyakazi mwenzetu. Masinia yakaletwa, la wanaume kwanza, samaki changu mzima mzima juu ya wali. Sisi wageni wanawake tukapewa letu, nalo halikuwa baya. Bi Lishe akaona mkaza mwana wa nyumba, mke wa kijana wao, ana mimba kubwa, anaingia na kutoka na birika la kunawisha watu na wala hakai. Akamfuata jikoni. Akamkuta anakwangua ukoko wa sufuria na kuuchovya kwenye mchuzi uliobaki, usio na samaki. Bi Lishe akarudi, akachukua samaki wake kutoka kwenye sinia letu, na wangu pia bila ya kuniuliza, akaenda kukaa chini jikoni na yule binti mpaka amemaliza. Mama wa nyumba alikasirika, na kwa haki yake, maana alikuwa ameaibishwa nyumbani mwake. Akasema kuwa mwanamke mwenye mimba hali sana, mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka, na mayai ndiyo hasa hayafai kwa sababu mtoto atazaliwa na upara.

Bi Lishe akachungulia ukumbini, akawatazama wanaume waliokaa, vichwa vinang'ara kimoja baada ya kimoja.

"Basi hawa mama zao walikula trei nzima," akasema.

Hata mama wa nyumba alicheka. Lakini njiani tulipokuwa tunarudi Bi Lishe hakucheka. Alinuna mpaka mjini, akasema ameudhi watu wazima na yule binti kesho atarudi kwenye ukoko wake.

Msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, na nitalisema kosa lake kwa sababu mwenyewe alikuwa akilisema. Aliletwa mtoto kutoka Makunduchi, wa mwaka na nusu, mbavu zinahesabika. Bi Lishe akamvaa mama yake: unampa nini? Mbona humpi yai? Mbona humpi samaki, na wewe unakaa pwani? Mama alikuwa mkulima wa mwani. Alisikiliza, kichwa chini, akaitikia "ndio" kila mara, akaruhusiwa, akaondoka. Mwezi haukwisha mtoto akarudi vile vile. Safari hii Bi Lishe alipanda gari akaenda nao hadi kwao, akakaa siku mbili. Aliporudi alikuja moja kwa moja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la mchele.

"Mpishi, mie mjinga," akanambia.

Kumbe maji ya bahari yakitoka, mama anashuka pwani kwenye mwani wake na hapandi mpaka maji yarudi. Mtoto anabaki na bibi yake, asiyeona vizuri, na sufuria ya muhogo wa kuchemsha. Kuku wapo, mayai yapo, yanachukuliwa yote na anayepeleka mahotelini. Maneno yote ya Bi Lishe aliambiwa mtu ambaye saa za kula hayupo. "Nimemfokea mwanamke wa watu bure," akasema. "Nimemfokea mama, na anayelisha ni bibi." Tangu hapo hakuanza tena na "unampa nini". Alianza na "nani anamlisha wewe ukiwa kazini?" na huyo ndiye aliyemwita hospitali, awe bibi, awe dada, awe jirani. Nimewaona wakubwa wenye vyeti vya ughaibuni waliokosea vibaya kuliko hivyo na hawajakaa juu ya gunia hata siku moja.

Kupika alikuwa hajui. Jambo hili lilinifurahisha miaka yote. Mwanamke aliyeweza kukwambia ndani ya kikombe cha choroko mna nini na nini, wali wake ulikuwa chini umeungua na juu mbichi. Siku za Ramadhani alinyemelea futari yangu kama paka. Na alipenda halwa. Alipopimwa akakutwa na kisukari yeye mwenyewe, alikasirika kana kwamba ametukanwa na mtu anayemjua. Nilimfuma nyuma ya ghala, anakula halwa kutoka kwenye kipande cha karatasi, amegeukia ukuta.

"Usinitazame hivyo, mpishi. Nnajua nnachokifanya."

"Ndio maana nnakutazama," nikamwambia.

Akanipa kipande. Tukala sote wawili tumegeukia ukuta. Halafu alijirudi, akajipangia chakula chake kama alivyowapangia watu, na halwa ikawa ya sikukuu, kidogo, baada ya chakula na si kabla. Wenye kisukari aliwafundisha hivyo hivyo. Hakuwanyima. Aliwaambia kisukari si hukumu ya kufa na njaa: wali upo, punguza, embe ipo, nusu, samaki na mboga, jaza. Na kila kidonge alikiunganisha na sahani. "Usimeze hichi ukakaa na tumbo tupu," alikuwa akisema, akiinua kidonge juu, na hakuna aliyetoka mlangoni kwake kabla hajayarudia maneno hayo kwa mdomo wake.

Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wakamsifu kwa upole na subira. Nilikaa kiti cha nyuma nikiuma meno. Upole gani? Subira ipi? Walikuwa wamemvumilia miaka yote, sasa wanataka kumkumbuka kama mtu mwingine. Baada yake masufuria yangu matano yakawa matatu, na nilipostaafu mimi yakarudi mawili. Yule aliyeamuru yapunguzwe ndiye aliyesoma hotuba.

Hakuzaa. Alipoanza kuchoka alichukuliwa na binti wa kaka yake akakae kwake, mtaa wa Kiembe Samaki, na mimi nikawa nakwenda kumtazama, kwanza kila wiki, halafu kila mwezi, halafu nikaingia katika harusi na misiba na magoti yangu mwenyewe, ikapita miezi mingi sikwenda. Hilo ni langu na simsukumii mtu.

Nilipokwenda ilikuwa asubuhi, saa nne. Nyumba safi, shuka zinanukia udi. Binti ni mtu mwema, na wema wake ndio uliozidi kunikasirisha baadaye, kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu.

"Shikamoo, mama. Karibu. Ila Shangazi leo hayuko vizuri," akanambia. "Ndio uzee tena."

Nilimkuta kitandani, na nusura nirudi nyuma. Mikono imebaki kama ya mtoto. Jasho linamtiririka usoni, na chumba kilikuwa baridi. Nikamshika, ngozi ya baridi, vidole vinatetemeka. Macho yalinipita yakaenda ukutani. Nikamwamkia, akajibu maneno yasiyoeleweka.

"Hupitiwa hivi asubuhi," binti akasema. "Tunamsomea, inaondoka. Na kusahau kumezidi. Ameshakula, utamsikia anasema hajala."

"Amekula nini leo?"

"Uji wa maji, vijiko viwili vitatu. Na chai kavu, bila sukari."

"Na jana?"

Akaanza kunieleza, na kila alilolisema lilikuwa limetoka kwenye mapenzi. Wali wameuondoa kwa sababu ya sukari. Mkate pia, na matunda. Nazi kwa sababu ya moyo. Samaki kwa sababu jirani alisema mgonjwa hapewi vizito, na nyama kwa kuwa meno hana. Kila aliyekuja kumtazama aliacha mwiko mmoja, na wao wakaushika. Juu ya meza vidonge vimepangwa kwenye kijaluba, cha Jumatatu, cha Jumanne, mpaka mwisho wa wiki.

"Dawa hatujamkosesha hata siku moja," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari.

Vidonge vile kazi yake ni kuishusha sukari ya mwilini. Vilikuwa vinashuka kila asubuhi ndani ya mwili usio na kitu, na vikikosa chakula cha kushughulika nacho vinamshusha mtu mwenyewe. Nilipika miaka ishirini nikisikia mlango wa pili somo hilo likirudiwa.

"Kipimo cha sukari mnacho?"

"Kimeharibika."

"Niletee sukari. Vijiko vinne, ndani ya maji. Upesi!"

Binti akaruka akasimama baina yangu na kitanda. "Sukari? Mama, ana kisukari huyu! Unataka kumuua?"

"Sasa hivi sukari yake imekwisha! Anakufa kwa kukosa!"

"Wallahi haipiti mbele yangu." Akaanza kulia, na hakuondoka. Mumewe akaja mbio kutoka uani. Yeye ndiye aliyenambia, taratibu, kuwa hata kama angetaka, ndani ya nyumba ile sukari hamna. Waliitoa yote. Mwaka mzima wanakunywa chai kavu, watu wazima na watoto, ili Shangazi asitamani.

Nikatoka ushungi umeniponyoka, na uzee wangu huu nikakimbia mpaka duka la pembeni, nikachukua chupa ya soda, nikamwachia mwenye duka mkoba wangu mzima. Niliporudi binti bado amesimama pale pale. Mumewe akamshika mabega akamsogeza, akasema, "Mwache. Kafanya kazi hospitali na Shangazi miaka mingapi?"

Nilimkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamnywesha kwa kijiko. Nilihakikisha kila funda limeshuka ndipo natia jingine. Mume nikamwambia atafute gari, lazima tumpeleke kwa daktari, maana dawa ile haitoki mwilini kwa soda moja, itamshusha tena, na vidonge vyenyewe vinataka kupunguzwa. Binti alikaa sakafuni anasoma Yasini kwa sauti inayokatika. Dakika kama kumi na tano tulikaa hivyo.

Kwanza jasho likakauka. Halafu vidole vikatulia. Halafu nikahisi mgongo wake unajaribu kukaa wenyewe, na macho yakatoka ukutani yakaja kwangu.

"Mpishi," akasema.

"Labeka."

Akamtazama binti, akakiona kijaluba cha vidonge, akaiona chupa ya soda mkononi mwangu. Nilimwona anafahamu yote, kama alivyokuwa akifahamu pale mlangoni mwa wodi. Nikangoja afoke. Binti naye alingoja, kichwa chini.

"Shangazi, nisamehe," akasema. "Sisi tulidhani ni uzee."

"Nlikwambieni nna njaa," Bi Lishe akasema. Hakufoka. Sijapata kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile. "Kila siku nlikwambieni. Mkanambia nshakula."

Mume wa binti alikuwa bado hajarudi na gari. Nilimlaza juu ya mto, nikavua buibui langu, nikaingia jikoni kutazama mna nini cha kumpikia.